Hatua ya Saba Juu ya Samaki

Samaki chewa aliletwa saa mbili na nusu asubuhi, kalazwa kwenye sinia la shaba, mzito kama mtoto wa miaka mitatu, kafungwa utepe mwekundu mkiani. Wanawake wakampigia vigelegele kuliko walivyompigia bwana harusi. Naufel aliyaona yote hayo akiwa kwenye kochi la sebuleni, pale alipoketishwa tangu alfajiri kama mto mpya ambao wageni hawaruhusiwi kuuegemea. Mwilini jubba jeupe lililopigwa pasi. Miguuni hana kitu.

Viatu vyake vilikuwa vimepotea. Yeye, fundi viatu, mtoto wa fundi viatu, ambaye nusu ya mabwana harusi wa mji wa Sfax wamekwenda kuoa kwa ngozi aliyoishona kwa mkono wake, asubuhi ile hakuwa na hata kandambili. Na mwizi alimjua.

"Mama," alinong'ona, mama yake alipopita na bakuli la lozi. "Viatu vyangu."

"Bwana harusi hatoki peke yake kabla ya siku saba."

"Mama, miadi ni saa tano. Unajua."

"Najua nyumba imejaa watu. Tabasamu."

Akatabasamu. Mama Wasila akaenda zake na lozi zake, mgongo umenyooka, kama mwanamke asiyeficha kitu chochote chini ya jua.

Ilikuwa siku ya tatu baada ya ndoa, Siku ya Samaki. Bwana na bibi hushikana mikono wakamruka samaki mara saba, kwenda na kurudi, ili wazae kwa wingi kama yeye na jicho la hasidi lisiwapate. Akisharukwa, hupikwa, watu wakamla kwa kuskusi ya ngano, na ndoa ikahesabiwa imekaa. Naufel mwenyewe amekula samaki wa harusi za watu tangu hajaota ndevu. Hakuwahi kufikiri kwamba siku moja atamtazama chewa machoni na kuona kwamba wao wawili wamefungwa utepe mmoja.

Miezi kumi na minne nyuma, akioga, alikuta uvimbe mgumu kama punje ya dengu kwenye korodani ya kushoto. Hauumi. Akaudharau mwezi mzima. Daktari hakuudharau hata siku moja. Wiki ileile akapasuliwa, korodani ikatolewa, na karatasi ya maabara ikasema saratani. Tumeiwahi, daktari akamwambia, na iliyobaki inatosha kwa ndoa na kwa watoto. Ila utakuja kupimwa damu kila miezi mitatu, na usithubutu kukosa.

Mtaani mama yake alitangaza ngiri. Ngiri haina aibu, ni ugonjwa wa wanaume wanaobeba vitu vizito. Majirani wakaleta supu, wakamwombea mgongo wake, na neno lile lingine halikutamkwa tena nyumbani kwao, hata kwa kunong'ona.

Mtu mmoja tu Naufel alimwambia. Kabla ya kupeleka posa alimfuata Emna kwenye shamba la lozi la baba yake, ameandaa hotuba ndefu, na hotuba ikamfia mdomoni baada ya sentensi mbili. Emna alikuwa anamenya lozi mbichi. Akaisikiliza hiyo iliyofia njiani, akamaliza lozi aliyoishika, akasema, "Jozi ni ya viatu, Naufel. Mimi naolewa na mtu."

Hapo ndipo alipompenda mpaka akaogopa.

Kisha ikaja Alhamisi, siku ya hina. Ngoma zinalia uani, simu ikalia mfukoni. Daktari. Kipimo cha damu safari hii kimepanda kidogo. Inaweza kuwa kitu, inaweza isiwe kitu. Njoo Jumatatu saa tano tukupitishe kwenye mashine ya picha, njoo na njaa, usile wala kunywa tangu alfajiri, na usikose, kwa maana foleni inayofuata ni ya mwezi ujao. Mama yake alikuwa amesimama karibu, akayasoma yote usoni mwake. "Mpaka siku saba ziishe," alisema, "hukusikia kitu wala mimi sikusikia."

Ijumaa akaoa. Na tangu Ijumaa, akiingia chumbani, alijilaza ukingoni mwa kitanda akageukia mlango, akasema amechoka.

Saa tatu sasa. Shangazi yake Rafika, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu wa mtaa wa pili, akamjia na bakuli la unga wa shayiri uliokandwa kwa asali na mafuta ya zeituni.

"Kula, bwana harusi! Mwanamume halishi nyumba kwa macho."

"Nimeshiba, shangazi."

"Umeshiba nini? Hewa? Tangu asubuhi namtazama huyu, hata chai hajagusa. Jamani, mmenipa bwana harusi au mmenipa picha yake?"

Wanawake wakacheka. Kwenye kiti cha pembeni, Bi Shadlia, mama yake Emna, hakucheka. Alikuwa na macho ya mtu aliyezoea kuchagua samaki sokoni, anayefunua shavu kwanza ndipo aulize bei.

"Mwanangu Naufel, unaumwa?" akauliza taratibu.

"La, mama mkwe. Niko salama."

"Basi kula."

Kijiko kikamsogelea. Nyuma ya kijiko, uso wa shangazi. Nyuma ya shangazi, wanawake ishirini. Nyuma yao, mlango, na mbele ya mlango mama yake kasimama na lozi. Akila, kipimo kimekwenda na maji. Asipokula, ataulizwa.

Mkono wenye hina ukatokea ubavuni, ukakitwaa kijiko. Emna. Alikuwa amevaa gauni la dhahabu la siku ya tatu, kishada cha asumini kimechomekwa nyuma ya sikio, na macho yake, ambayo kwa siku tatu yalikuwa yakimkimbia Naufel, sasa yalimtazama moja kwa moja bila kupepesa.

"Cha bwana wangu nitakula mimi," akasema, akakimeza.

"Lo! Wivu mpaka wa asali!" shangazi akapiga kofi pajani, na nyumba nzima ikaangua kicheko.

Emna akalamba kijiko, akakirudisha bakulini, akamshika Naufel kiganja. "Mtuwie radhi, kola ya bwana harusi imepinda. Naenda kuinyoosha."

Mlango wa chumba ulipofungwa, hakugusa kola.

"Leo ni kile kipimo," akasema.

"Kipimo gani?"

"Usinifanye mjinga. Jana usiku ulikula kama kawaida. Leo hata maji hunywi, na shangazi yako amekuletea asali. Mara ya mwisho kukuona hivi ilikuwa mwezi wa nne, nilipokusindikiza mpaka kwenye lango la hospitali. Saa ngapi?"

Akatazama sakafu. "Saa tano."

"Umejua lini?"

"Alhamisi."

"Alhamisi." Akavigeuza viganja vyake, akaitazama hina. "Nilikuwa nimenyoosha mikono hivi, napakwa, naimbiwa, na wewe unajua."

"Ningekwambia vipi na ngoma zile?"

"Kwa mdomo. Ule ule uliousemea ndiyo mbele ya kadhi." Akaketi kitandani, akainuka tena. "Unajua ukuta ule una vigae vingapi?"

"Emna..."

"Arobaini na sita. Nimevihesabu Ijumaa, nikavihesabu Jumamosi, jana nikavihesabu tena labda kimoja kimeanguka. Nikasema nina harufu. Nikasema pengine alipendezwa na yule wa shamba la lozi, huyu mwenye wanja hamtaki. Nimemuuliza dada yangu, Naufel! Nimemuuliza mtu!"

Hilo lilimchoma kuliko kisu cha daktari. Alikuwa amelala siku tatu akisikia pumzi za Emna, akijua harufu ya asumini ya nywele zake, mkono wake mwenyewe ukiwa umbali wa shubiri moja, na kila usiku ameuchukua mkono ule akaulalia ili usiende.

"Nilitaka ubaki ulivyokuja," akasema. "Kama ugonjwa umerudi, nikupe talaka yako mapema, uende kwenu ungali msichana. Asiwepo wa kukunyooshea kidole."

"Nani amekuomba?"

"Sikuombwa. Nimefikiri."

"Umefikiri!" Akacheka bila furaha. "Umenifungia ndani, ufunguo umeuweka mfukoni, halafu unaniambia ni kwa ajili ya uhuru wangu."

"Hujui kinachokuja. Watanitia dawa ya mshipani. Nywele zitakwisha. Nitatapika mpaka nyongo. Na watoto... daktari alisema moja inatosha, lakini baada ya dawa ile hakuna anayeweka ahadi. Na huko nje wamemfunga chewa utepe ili nizae kama yeye! Nimekaa pale tangu alfajiri, Emna, naona watu wote wananifurahia, na hakuna pa kupita. Hakuna hata viatu."

Sauti ikamkatika kwenye viatu. Ni ajabu mahali mtu anapovunjikia. Emna akamtazama miguu, vidole vimejikunja juu ya vigae vya baridi, na hasira yote haikumtoka, ila ilisogea ikaacha nafasi.

"Nani kachukua viatu?"

"Mama."

"Na hospitali ni mwendo gani?"

"Nusu saa, kwa teksi."

Mlango ukapigwa ngumi. "Enyi!" Shangazi Rafika. "Samaki atanuka na nyie mnanong'ona! Maisha yote ni yenu, njooni mruke!"

"Saa ngapi, shangazi?" Emna akaita.

"Saa nne kasoro robo! Kwani mna treni?"

Emna akainyoosha kola kweli safari hii. Mikono yake ikakaa shingoni mwa Naufel kidogo kuliko kola ilivyohitaji. "Twende," akasema. "Na mimi bado nimekukasirikia."

Sinia lilikuwa limewekwa chini katikati ya ua, ndimu zimemzunguka chewa, jicho lake limetazama mbingu. Wakashikana mikono. Moja! wanawake wakahesabu, vigelegele vikapasuka. Mbili! Naufel aliruka kama mtu anayevukishwa mto asioujua. Tatu. Nne. Kila alipotua alitafuta mlango kwa macho, na kila mara alimkuta mama yake hapo. Tano! Sita!

Na hatua ya sita, kwa hesabu yake yenyewe, humrudisha mtu pale pale alipoanzia. Hapo Emna akasimama.

"Ya saba!" shangazi akapiga makofi.

"Ya saba tutairuka tukirudi," akasema Emna. "Tuna safari."

Makofi ya shangazi yakakatika kama redio iliyokatiwa umeme.

"Safari ya wapi?" Bi Shadlia alikuwa amekwisha inuka. "Emna. Maliza. Sita ni sawa na bure."

"Nitamaliza, mama."

"Safari ya wapi, nimeuliza."

Emna akamgeukia mumewe, akangoja, na Naufel akaelewa kwamba hatamsemea. Siri ilikuwa yake. Mlango alioufunga mwenyewe ataufungua mwenyewe. Nyuma ya sinia mama yake alikuwa akitikisa kichwa taratibu: ngiri, mwanangu. Sema ngiri.

"Hospitali," akasema. "Haikuwa ngiri, mama mkwe. Nilikuwa na saratani, sehemu za siri. Nimetolewa korodani moja. Sasa wanaogopa imerudi, na mashine inaningoja saa tano."

Hakuna aliyefariki kwa kulisikia neno lile. Hilo ndilo lililomshangaza. Shangazi Rafika alishika mdomo. Mtu fulani akasema Mola atulinde. Chewa akaendelea kutazama mbingu.

Bi Shadlia akamgeukia mama yake Naufel. "Wasila. Tulikuja kuuliza nyumba hii. Tumekula chumvi yako."

"Ningesema nini?" Mama Wasila akafoka, na ghafla uzee wote ukamshuka usoni. "Wewe ungempa binti? Sema mbele ya watu. Ungempa?"

"Nisingempa."

"Basi!"

"Mimi niliambiwa," Emna akasema. "Kabla ya posa. Nikamtaka hivyo hivyo. Ya zamani nilikuwa naijua, mama. Ya leo nimeijua sasa hivi, na huyu nitagombana naye njiani. Lakini naomba tupite."

"Huendi. Hujamaliza kuruka, huna ndoa. Twende nyumbani."

"Hatua sita nimezipiga kwa miguu yangu mwenyewe, mama. Hakuna aliyenibeba."

Walitazamana, mama na binti, kidevu kimoja katika nyuso mbili. Wakati ule Mama Wasila akaingia jikoni. Wakasikia mfuniko wa pipa la unga wa kuskusi ukivutwa. Akatoka amekumbatia viatu vya Naufel, vyeupe kwa unga hadi ndani, unga umemjaa mpaka viwikoni, machozi yamechora njia mbili mashavuni. Akaviweka chini mbele ya mwanawe. Akavipangusa kwa upindo wa gauni lake, kimoja, kisha kingine, na unga haukutoka wote.

Kwenye teksi Emna, aliyejitanda shuka jeupe la mama mkwe wake juu ya gauni la dhahabu, aligombana naye kama alivyoahidi. Dereva akazima redio ili asikie vizuri.

"Na ukinigeukia mlango tena, mimi nitahamia kwenye kochi, na wageni waone."

"Sitageuka."

"Apa."

"Wallahi sitageuka."

"Mtake kiapo na cha maandishi, dada," akasema dereva.

Mashine ilikuwa pete kubwa nyeupe, na kitanda chake kilimmeza polepole. Walimvua kila kitu, wakamvika joho la karatasi, wakamchoma sindano iliyomletea joto mpaka kooni. Sauti ya kurekodiwa ikamwambia: vuta pumzi, zuia. Akazuia. Dari lilikuwa shubiri mbili juu ya pua. Akafikiri, hapa ndipo nilipokuwa tangu Alhamisi, ila leo angalau kuna wa kunieleza lini nipumue. Sauti ikasema: pumua. Akapumua. Zuia tena.

Alipotoka, Emna alikuwa kwenye benchi la ukanda, viatu vya unga vya Naufel mapajani, gauni lake la dhahabu limetokeza chini ya shuka, na wagonjwa wanne wakimtazama kama taa.

"Wamesema nini?"

"Kesho saa nne. Daktari atazisoma picha kwanza. Wa mashine hakuniambia zuri wala baya. Nimemtazama usoni, hana uso."

"Kesho saa nne," akarudia, kana kwamba anaweka akiba. Akainama akamvisha viatu yeye mwenyewe, pale pale mbele za watu, na kabla ya kuinuka akaegemeza paji la uso wake gotini mwa mumewe. Hakulia. Alikaa hivyo tu. Naufel akaweka mkono kwenye nywele zake, mkono ule aliokuwa akiulalia.

Waliporudi, alasiri, wageni walikuwa wamepungua na waliobaki walikuwa na njaa. Chewa alikuwa bado uani, juu ya barafu sasa, na barafu ilikuwa ikiyeyuka kwenye vigae. Pembeni yake, juu ya kigoda, aliketi Bi Shadlia na kisu cha magamba mkononi.

"Nimewakataza wasimguse," akasema. "Sijakubali kitu. Msije mkadhani nimekubali. Lakini mila haiachwi kwenye sita." Akamtazama Naufel. "Majibu?"

"Kesho, mama mkwe."

"Basi na ya saba iwe kesho," akasema. "Majibu yakija, tutajua turuke au tusiruke."

Neno lile lilikuwa na busara, na Naufel aliiona. Akauachia mkono wa Emna. "Mama anasema kweli. Tungoje. Yakiwa mabaya, mlango wako utakuwa wazi bado. Hutakuwa umevuka."

Emna akavua viatu vyake, vile vya hariri alivyoshonewa na mume wake, akavipanga ukingoni mwa sinia, akainua gauni mpaka vifundoni.

"Ndiyo maana naruka leo," akasema. "Kesho mtu yeyote anaweza kuruka."

Akaruka peke yake.

Akatua upande wa pili, maji ya barafu yakamrukia, akageuka. Chewa kati yao. Hakumnyooshea mkono, hakumwita. Alisimama tu, asumini imenyauka nyuma ya sikio, akingoja kama alivyongoja asubuhi.

Naufel akatazama nyuma. Ua ulikuwa na mlango, na mlango ulikuwa wazi, na hakuna aliyesimama mbele yake. Mama yake alikuwa ameketi kizingitini pa jikoni, mikono bado ina unga. Angeweza kutoka. Na kesho saa nne ilikuwa pale pale mahali pake, wala hapakuwa na hatua ya kuirukia.

Akainua mguu. Akaruka akiwa na viatu vyake, vibaya, kwa uzito, nusura ateleze, na Emna akamdaka kwa viwiko vyote viwili. Nyuma yake, juu ya vigae vilivyolowa, alama za unga wa kuskusi zilikuja mpaka ukingoni mwa sinia zikaishia hapo.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Hawakujua kama inafaa. Kisha kikasikika kimoja, kifupi, cha koo kavu, kimekatika katikati. Na kila mtu akageuka kumtazama Bi Shadlia.

"Mnatazama nini?" akasema kwa ukali, akifuta macho kwa mgongo wa mkono wenye kisu. "Leteni maji. Samaki huyu ana magamba ya siku nzima."